Kanuni mpya imefika ofisini, zamu ya usiku haijaipata

Wiki ya kwanza ya Aprili 2024 naingia zamu ya saa tano usiku, kwenye makao ya wazee niliyokuwa nafanya kazi huku Marekani, nakuta milango kama tisa hivi imebandikwa karatasi za rangi. Jana yake hazikuwepo. Karatasi inasema vaa gauni la kujikinga na glavu. Mwenzangu wa zamu ya jioni ashavaa koti anatafuta funguo za gari, namuuliza dada kulikoni, hawa wana korona? Akasema hata mimi nimezikuta tu, labda wana korona, ila mi sijavaa. Huyo akaondoka.

Basi usiku ule mimi nikavaa gauni mpaka kupeleka glasi ya maji. Nikavaa gauni kwenda kuzima taa. Kufika saa tisa usiku magauni yameisha kabatini, stoo imefungwa na ufunguo anao mtu wa mchana, na bado nina watu wanne wa kubadilisha nepi, ambao kumbe hao ndo hasa gauni lilikuwa lao. Nikawabadilisha na glavu tu. Yaani kanuni niliitii pale isipohitajika na nikaivunja pale ilipohitajika, na moyoni najiona mchapakazi kweli.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Tarehe 20 Machi 2024 CMS, yaani lile shirika la serikali kuu linalosimamia Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali kwa wazee na wenye kipato kidogo, na ndo lenye kanuni za makao ya wazee nchi nzima, lilitoa memo kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili wakaguzi wataanza kuangalia kitu kipya. Mkazi mwenye kidonda cha muda mrefu, au mpira wa mkojo, au mpira wa kulishia, au aliyebeba vijidudu sugu visivyosikia dawa, ahudumiwe kwa gauni na glavu kwenye zile kazi za kugusana sana: kumwogesha, kumvalisha, kumhamisha kitandani, kubadilisha mashuka, nepi, kushika ule mpira wenyewe. Kumpelekea maji haimo. Wala mkazi hatakiwi kufungiwa chumbani, anatoka, anakula na wenzie, anaenda kwenye shughuli zake kama kawaida, na hapo ndo sisi tulipoharibu zaidi, maana kulikuwa na bibi mmoja mwenye mpira wa mkojo alikaa siku mbili analetewa chakula kitandani kwa vile kila aliyepita aliona karatasi akadhani ametengwa. Bibi mwenyewe alikuwa anauliza, kwani mimi nina nini? Hakuna aliyejua.

Nimeanzia huku chini makusudi. Mjadala wa namna ya kuyasaidia makao ya wazee yaendane na kanuni zinazobadilika kila siku huwa unaanzia juu, kwa wenye makao na mawakili wao na vyama vyao upande mmoja, halafu familia na watetezi wa wazee upande wa pili. Wote wana hoja na nitazipitia. Ila msimamo wangu nauweka mezani mapema, msaada mwingi unaotolewa unaishia ofisini kwa mkuu wa wauguzi, unageuka faili nene lenye lebo nzuri mgongoni, na anayemgeuza mzee saa tisa usiku halioni.

Tuanze na wenye makao, na msiwabeze. Wanasema kanuni ni nyingi, zinabadilika vibaya, na hata serikali yenyewe haiendi na mwendo wake. Hapo wako sahihi kuliko watu wanavyokubali. Msingi wa yote ni sheria ya mwaka 1987, ile iliyokuja baada ya ripoti ya Taasisi ya Tiba ya 1986 kuonyesha hali ya makao ilivyokuwa mbaya. Kanuni zilizotokana na sheria ile zikakaa miaka na miaka bila kuandikwa upya kwa ukubwa, mpaka Oktoba 2016 CMS ikazipindua zote kwa mkupuo, utekelezaji ukagawanywa awamu tatu: Novemba 2016, Novemba 2017, Novemba 2019. Sawa. Lakini maelekezo ya wakaguzi ya ile awamu ya tatu yalitoka Juni 2022, yakaanza kutumika Oktoba 2022. Hesabu mwenyewe, karibu miaka mitatu kanuni ipo kwenye vitabu na huna kitu cha kukuonyesha mkaguzi ataisomaje. Halafu Novemba 2024 yakatoka maelekezo mengine mapya, yaanze Februari 2025, yakasogezwa Machi, yakasogezwa tena mpaka tarehe 28 Aprili. Makao yaliyowaita wafanyakazi semina mwezi Januari yamefundisha kitu ambacho kufikia Aprili nusu ya darasa lishaacha kazi. Hiyo si utani, watu kwenye kazi hii wanaondoka kwa kasi ya ajabu.

Na lile la magauni, memo tarehe 20, utekelezaji tarehe 1. Siku 12! Ndani ya siku 12 uagize magauni, ujue nani ana mpira na nani hana, ufundishe zamu tatu pamoja na vibarua wa wakala wanaokuja siku moja moja. Ukiniuliza mimi kama hiyo ni haki nitasema hapana.

Ila subiri. Wale wa upande wa pili watakwambia, na ni kweli, kwamba CDC, shirika la serikali la kudhibiti magonjwa, ilikuwa ishatoa mwongozo uleule wa magauni kwa wenye vidonda na mipira tangu Julai 2022. Kwahiyo siku 12 ni kweli na miezi 20 nayo ni kweli, inategemea ulikuwa unasoma karatasi za nani. Makao yenye mtu anayefuatilia mambo ya maambukizi kwa dhati yalikuwa yashaanza zamani. Makao ambayo mtu huyohuyo ndo anapanga zamu, ndo anajibu simu za familia, ndo anagawa dawa mfanyakazi asipokuja, yalisikia tarehe 20 kama sisi. Kanuni inadai mtaalamu wa kuzuia maambukizi awepo angalau kwa sehemu ya muda wa kazi, na hiyo sehemu ya muda kila mtu anaikata anavyotaka.

Familia nazo zina hoja moja nzito, kwamba kanuni hazikushuka kutoka mbinguni. Kabla ya 1987 kumfunga mzee kwenye kiti ili asianguke lilikuwa jambo la kawaida kabisa, hakuna aliyeona aibu. Leo ukimfunga utaeleza. Au chukua korona: Februari 2020 ugonjwa ulilipuka kwenye makao ya Kirkland jimbo la Washington, na baada ya hapo nchi nzima familia zikawa zinapiga simu hazijibiwi, hawajui kama mama yao yuko hai. Mei 2020 ndo ikatoka kanuni kwamba akipatikana mgonjwa, wakazi na familia waambiwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata. Wenye makao walilalamika kazi imeongezeka. Iliongezeka kweli. Lakini wewe uliyekaa siku nne hujui kama baba yako ni mmoja wa wale waliokufa, utaiita hiyo kazi ya makaratasi? Zaidi ya wakazi 160,000 wa makao haya walikufa kwa ugonjwa ule nchini Marekani, hebu mtu asiniambie tulikuwa na kanuni nyingi kupita kiasi.

Kwahiyo ukinibana niseme nani yuko sahihi kuhusu wingi wa kanuni, nasimama na familia. Kuhusu namna zinavyoletwa, nasimama na wenye makao, tena bila kusita, kwa sababu ya kitu kama hiki cha namba ambacho watu wa nje hawakijui.

Kila mkazi ana fomu kubwa ya tathmini inaitwa MDS. Humo kulikuwa na sehemu ya kuonyesha mzee anajiwezaje, kula, kwenda choo, kugeuka kitandani. Sehemu ya zamani, waliyoiita G, ilikuwa sifuri maana yake anajiweza na nne maana yake anafanyiwa kila kitu. Namba ikipanda hali mbaya. Tarehe 1 Oktoba 2023 sehemu G ikaondolewa, ikabaki ile GG ambayo mwanzo ilikuwa hasa ya wale wanaolipiwa na Medicare wakitoka hospitali, na GG ni kinyume kabisa, sita anajiweza, moja hajiwezi. Sasa mfikirie mtu aliyebofya nne kwa miaka kumi akimaanisha huyu hajiwezi kabisa, leo nne kwenye kipimo kipya ni mtu wa kuangaliwa tu au kukumbushwa. Ukikosea hapo mpango wa matunzo unatoka umepinda, na malipo yanaguswa pia. Sisi tuliambiwaje? Kwa video. Dakika kumi na tano, unabofya endelea, endelea, endelea, mwisho maswali matano ambayo jibu ni lile refu kuliko mengine. Nikapata asilimia mia. Usiku uleule nikamwandikia nne babu ambaye hawezi kuinua kijiko.

Msaidizi wa muuguzi kwa kanuni za serikali kuu anafunzwa angalau saa 75 kabla ya kuanza, majimbo mengine yanadai zaidi, halafu saa 12 za kujinoa kila mwaka. Saa 12 ukizigawa ni saa moja kwa mwezi. Humo uweke moto, unyanyasaji, maambukizi, wagonjwa wa kusahau, haki za mkazi na kila kilichobadilika. Ndo maana nasema ukitaka kujua kama msaada umefika, usiangalie faili, mwangalie mtu na ile saa yake moja ya mwezi ameifanyia nini.

Sasa msaada wenyewe unatoka wapi. Kwanza kuna makonsalta, na hii ni biashara kubwa. Wanakuja wiki mbili kabla ya ukaguzi unaotarajiwa, wanafanya ukaguzi wa majaribio, wanapita na kishikwambi, wanaondoka na hundi. Sisemi hawajui kazi, wengine ni wakaguzi wastaafu wanajua kila namba ya kosa kwa kichwa. Tatizo langu ni kwamba wanakufundisha kupita mtihani. Na mtihani wenyewe unatabirika, ukaguzi mkuu lazima ufanyike ndani ya miezi 15 na wastani wa jimbo usizidi miezi 12, kwahiyo ukifika mwezi wa kumi na moja unaona kabisa rangi mpya ukutani, mapazia yamefuliwa, na mameneja ambao hujawaona tangu sikukuu iliyopita wanasaidia kulisha wazee. Makao ya kujitegemea ya vijijini yenye vitanda arobaini hayamudu hata huyo konsalta. Makampuni yenye matawi mengi yana kitengo kizima. Kwahiyo kanuni ileile inamkuta mmoja na jeshi na mwingine na mtu mmoja anayekimbia korido.

Pili kuna mashirika ya kuboresha ubora, QIO, ambayo CMS imekuwa ikiyalipia kwa miaka mingi yatoe msaada bure, na hayatoi faini. Hayo nayapa maksi. Yanakaa na makao, yanaangalia takwimu zao, yanauliza kwanini vidonda vya kulalia viko juu wodi hii na si ile. Ila lazima mtu ainue mkono aombe au akubali, na makao yaliyo hoi kabisa ndo hayana mtu wa kujibu hiyo barua pepe.

Tatu ni mkaguzi mwenyewe, na hapa ndo ugomvi ulipo. Kwa utaratibu wa sasa mkaguzi anasema umekosea nini, hakushauri urekebisheje. Makao yanapokea ripoti, yana siku 10 kuandika mpango wa marekebisho. Wenye makao wanalia kwamba mtu ameona vituo mia, anajua nini kinafanya kazi, halafu anakutazama unazama hasemi. Wanataka ukaguzi uwe wa kufundishana zaidi na faini zipungue. Watetezi wa wazee wanaogopa, na hofu yao ina mantiki, mkaguzi akishakuwa mshauri atakuja kukagua ushauri wake mwenyewe. Atajipa kosa mwenyewe? Pia wanajua urafiki unavyoota watu wakinywa kahawa pamoja kila miezi michache.

Mimi hapo nilikuwa na wenye makao, nikabadilika. Kilichonibadilisha ni kuona ukaguzi mmoja kwa macho. Mkaguzi alisimama mlangoni dakika kama ishirini akimwangalia mwenzangu anambadilisha mkazi mwenye kidonda, hakusema neno, anaandika tu, na mwenzangu alikuwa anatetemeka mpaka akasahau kunawa. Huyo mkaguzi hata angekuwa mwalimu bora duniani, siku hiyo hakuna ambaye angejifunza. Acha akague. Mwalimu awe mtu mwingine, aje siku nyingine, asiwe na kalamu ya faini. Ninachowadai wakaguzi ni kitu kimoja kidogo, wakitoka waandike kwa lugha ambayo msaidizi wa muuguzi anaelewa.

Kuna adhabu moja nayo siielewi mpaka leo. Makao yakikutwa na ubovu wa kiwango fulani au faini ikivuka kiasi kilichowekwa, yanapoteza kibali cha kuendesha mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi hapohapo ndani kwa miaka 2, japo kuna namna ya kuomba msamaha. Nielewe, hutaki kituo kibovu kifundishe watu ubovu. Hiyo hoja ipo. Lakini kituo kilichokosa wafanyakazi waliofunzwa unakinyang'anya darasa, halafu miezi 12 baadaye unarudi kushangaa hakina wafanyakazi waliofunzwa... mimi nimeishia hapo.

Halafu lije lile kubwa, la idadi ya wafanyakazi. Aprili 2024 CMS ikatangaza kiwango cha chini, saa 3.48 za matunzo kwa kila mkazi kwa siku, humo saa 0.55 za muuguzi aliyesajiliwa na 2.45 za msaidizi, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 24 badala ya saa 8 za sasa. CMS wenyewe walikadiria gharama dola bilioni 43 kwa miaka kumi. Wenye makao wakasema hela hakuna na wauguzi hawapo, hasa vijijini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa upande wao wakakadiria kanuni ile ingeokoa maisha kama 13,000 kwa mwaka. Wenye makao wakaenda mahakamani. Aprili 2025 jaji wa Texas akaifuta, Julai 2025 Bunge likapitisha sheria ya kuizuia isitekelezwe mpaka Septemba 2034, na Desemba 2025 CMS wenyewe wakatangaza kuiondoa.

Mtu atasema basi yameisha. Mimi naona hayajaisha, tazama nani alifanya nini katikati. Kuna makao yalisoma kanuni ile 2024 yakaanza kuajiri, yakapandisha mshahara wa usiku, yakatafuta wauguzi. Kuna mengine yakakaa yakasubiri mahakama. Walioitii mapema wamebaki na gharama, waliosubiri wamebaki na hela yao. Kanuni inayofuata ikija, unadhani meneja atakimbilia kujiandaa? Atasubiri, na ukweli siwezi kumlaumu sana, ingawa kwa mzee aliyeko kitandani ule muda wa ziada haukuwa siasa, ulikuwa ni mtu wa kumgeuza. Makao yakichelewa kufuata kanuni huwa tunadhani hayajui. Mengine yanajua vizuri tu, yanapiga hesabu.

Ndo maana programu za kompyuta zinazouzwa siku hizi, zile za kukutumia taarifa kila memo ikitoka, mimi hazinipi msisimko. Zinafaa, sikatai, mtu mmoja anayesimamia makao matatu anahitaji kitu cha kumwamsha. Ila taarifa kumfikia bosi haijawahi kuwa sehemu ngumu ya safari, hata ile memo ya tarehe 20 ofisini ilifika siku ileile.

Sehemu ngumu ilikuja kutatuliwa kwetu na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mama wa makamo, mkali kidogo, hapendi mikutano. Kama wiki tatu baada ya zile karatasi kubandikwa alituita kwenye meza ya wauguzi kabla hatujagawana vyumba, tumesimama, mikoba bado begani. Dakika tano. Akasema karatasi hii siyo korona. Akachukua gauni akavaa, akataja kwa vidole, kuogesha, kuvalisha, kuhamisha, mashuka, nepi, mpira, kidonda. Maji hapana. Taa hapana. Wanatoka vyumbani, naomba kesho bibi wa mpira wa mkojo aende kula na wenzie. Akamwita mmoja wetu arudie, akakosea, akarudia tena. Halafu akafanya kitu ambacho hakimo kwenye faili lolote, akasogeza kabati la magauni kutoka mwisho wa korido akaliweka katikati, na ufunguo wa stoo akaudai kwa wa mchana ukabaki na zamu ya usiku.

Gharama yake sijui uiandike wapi, dakika tano mara watu watano. Hakulipwa zaidi. Wiki zilizofuata alikuwa anafanya hivyo kila kitu kikibadilika, jambo moja tu kwa usiku, na kwenye kila karatasi ya mlangoni akawa anaandika kwa kalamu sababu na tarehe: mpira wa mkojo, tangu lini. Kwa hiyo kidonda kikipona au mpira ukitolewa, yeyote aliyepita anajua karatasi imekwisha kazi.

Nilipoacha kazi pale yeye alikuwa ashahamia hospitali, wanalipa vizuri zaidi. Karatasi ya bibi ilitolewa siku ileile mpira wake ulipotolewa. Ya chumba cha jirani, iliyobandikwa baada ya mama yule kuondoka, haikuwa na tarehe, na mara ya mwisho napita ilikuwa ipo bado mlangoni, mkazi mwingine kabisa amelala ndani.